Hesabu ya Damu: Historia ya Utafiti wa Urithi na Takwimu katika University College London, na Matokeo Yake Afrika ya Kati na ya Mashariki

1. Utangulizi

Katika vyuo vikuu vingi, mwanafunzi wa uzamili au wa uzamivu anayejifunza elimu ya urithi, yaani jenetiki, hulazimika kujifunza takwimu pamoja nayo. Jambo hilo limekuwa la kawaida hata ni nadra kuulizwa lilianzaje. Hata hivyo elimu hizo mbili hazikuzaliwa pamoja, wala hazikupatana zilipokutana. Ziliunganishwa kwa sehemu kubwa na watu waliofundisha, waliosoma au waliogombana na wenzao katika chuo kimoja cha Uingereza, University College London, kati ya mwanzo wa karne ya 20 na miaka ya 1950.

Makala haya yanakusudia kueleza mambo mawili. Kwanza, jinsi muungano huo ulivyofanyika, na kwa nia gani. Pili, jinsi hesabu zilizotungwa London zilivyokuja kutumiwa juu ya damu ya watoto wa Kampala, wa pwani ya Kenya na wa Kongo. Katika mambo hayo mawili linatokea swali moja linalovihusu vyuo vikuu vya Afrika hadi leo: ni nani ahesabuye, na ni nani ahesabiwaye?

2. Nyumba ya Galton na Pearson

Mwanzilishi wa habari hii ni Francis Galton (1822–1911), binamu wa Charles Darwin. Kati ya mwaka 1850 na 1852 alisafiri katika nchi ambayo leo ni Namibia. Baadaye aligeukia kupima watu: kimo chao, vidole vyao, akili zao. Katika kitabu chake Hereditary Genius cha mwaka 1869 alipanga mataifa ya wanadamu kwa ngazi, akawaweka Waafrika chini ya Wazungu. Mwaka 1883 alibuni neno eujeniki, maana yake elimu ya kuboresha uzao wa binadamu kwa kuchagua nani azae na nani asizae.

Mwaka 1904 Galton alitoa fedha ili ofisi ya utafiti wa eujeniki ianzishwe katika Chuo Kikuu cha London. Ofisi hiyo ndiyo iliyokuja kuitwa Maabara ya Galton. Alipofariki mwaka 1911, wasia wake uliacha mali ya kuanzisha kiti cha uprofesa wa eujeniki. Aliyekikalia kwanza ni Karl Pearson, mwanahisabati aliyekuwa akifundisha University College tangu mwaka 1884, na chini yake ikaundwa Idara ya Takwimu Tumizi.

Pearson ndiye aliyeipa takwimu sehemu kubwa ya vyombo vyake. Mwaka 1900 alitangaza kipimo kiitwacho kai-mraba. Kazi ya kipimo hiki ni kulinganisha idadi iliyoonekana na idadi ambayo ingetazamiwa kama bahati peke yake ndiyo iliyotenda. Mwaka 1901, yeye pamoja na Galton na mwanazoolojia W. F. R. Weldon, walianzisha jarida la Biometrika, ambalo lingali linachapishwa.

Maabara hiyo ilikuwa pia shule. Watu waliokwisha kupata shahada zao walikuja kujifunza kupima na kuhesabu, wakazungusha mashine za hesabu kwa mkono mchana kutwa. Miongoni mwao walikuwamo wanawake wengi kuliko ilivyokuwa desturi ya vyuo vya wakati ule, kama Ethel Elderton na Julia Bell. Alikuwamo pia William Gosset, mkemia wa kiwanda cha bia cha Guinness huko Dublin, aliyekuja kusoma kwa Pearson mwaka 1906 hadi 1907. Gosset alikuwa na shida ya wazi: afanyeje mtu mwenye vipimo vichache tu? Jibu lake alilichapisha mwaka 1908 kwa jina la kujificha, Student, na kila mtafiti mwenye sampuli ndogo bado anamshukuru.

Haifai lakini kuisifu shule hiyo bila kutaja doa lake. Mwaka 1925 Pearson, pamoja na Margaret Moul, alianza kuchapisha uchunguzi juu ya watoto wa Kiyahudi ambao wazazi wao walihamia London kutoka Urusi na Poland. Vipimo vilikuwa vingi na hesabu zilifanywa kwa uangalifu. Hitimisho lilikuwa kwamba wageni wa namna hiyo wasipokewe. Usahihi wa hesabu haukuizuia chuki. Bali uliivika vazi la elimu.

3. Ugomvi uliozaa elimu

Mwaka huohuo wa 1900 ambapo kai-mraba ilitangazwa, wataalamu wa Ulaya waligundua upya kazi ya Gregor Mendel, mtawa aliyepanda njegere huko Brno na kuchapisha matokeo yake mwaka 1866. Mendel alionyesha kwamba urithi hupita kwa vipande visivyochanganyika: ama kipo, ama hakipo. William Bateson wa Cambridge alilishika fundisho hilo kwa nguvu. Pearson na Weldon walilipinga. Kwao urithi ulikuwa jambo la kadiri, kama kimo, ambacho hakina watu wa aina mbili tu, warefu na wafupi, bali kina watu wa kila kipimo. Ugomvi huo ulidumu miaka mingi na ulivunja urafiki wa watu.

Aliyepatanisha pande hizo ni kijana ambaye hakuwa wa upande wowote, Ronald Fisher. Katika makala yaliyochapishwa Edinburgh mwaka 1918 alionyesha kihisabati kwamba, ikiwa sifa moja inatawaliwa na vipande vingi vya Mendel, kila kimoja kikichangia kidogo, jumla yake hutoa mtawanyiko uleule laini aliouona Pearson. Kumbe mabishano yalikuwa juu ya nyumba moja iliyotazamwa kutoka milango miwili.

Fisher na Pearson hawakupatana. Mwaka 1919 Fisher aliikataa kazi katika maabara ya Pearson, akaenda kwenye kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted. Mwaka 1922 aligusa chombo ambacho Pearson alijivunia. Jedwali la safu mbili kwa nguzo mbili lina visanduku vinne. Katika kukisoma kipimo cha kai-mraba, Pearson alivihesabu vitatu kati yake kuwa huru. Fisher alithibitisha kwamba kilicho huru ni kimoja tu. Kwa kuwa jumla za safu na za nguzo zimekwisha kujulikana, ukijaza kisanduku kimoja, vitatu vilivyosalia hujijaza vyenyewe. Wengi waliona jambo hilo kuwa dogo. Sehemu ya nne ya makala haya itaonyesha kwamba halikuwa dogo hata kidogo.

Pearson alipostaafu mwaka 1933, chuo kiligawa urithi wake. Fisher alipewa kiti cha Galton. Idara ya takwimu akapewa Egon Pearson, mtoto wa mzee. Mwaka huohuo J. B. S. Haldane alichukua kiti cha jenetiki katika chuo hichohicho. Mwaka 1937 yeye na Julia Bell walikadiria, kwa mara ya kwanza kwa binadamu, ukaribu wa jeni mbili zilizo kwenye kromosomu moja: ile ya damu isiyoganda na ile ya upofu wa rangi.

Fisher naye aliiunga mkono eujeniki, na historia haiwezi kumtetea katika hilo. Mageuzi yaliletwa na Lionel Penrose, daktari aliyekabidhiwa kiti cha Galton mwaka 1945. Penrose alikuwa ametumia miaka mingi kuchunguza watu wenye ulemavu wa akili, na hakuona ndani ya takwimu zake sababu ya kuwadharau. Mwaka 1954 jarida la maabara liliacha jina lake la eujeniki, likaitwa jarida la jenetiki ya binadamu. Mwaka 1963 kiti cha uprofesa nacho kikabadilishwa jina. Mwaka 2020 chuo kiliondoa majina ya Galton na Pearson kwenye majengo yake, na mwaka 2021 kikaomba radhi hadharani kwa sehemu kiliyoitenda katika historia ya eujeniki.

4. Watoto 290 wa Kampala

Wakati mageuzi hayo yakiendelea London, fumbo lilikuwa limejitokeza Afrika. Kuna ugonjwa ambao Watanzania huuita selimundu, na ambao katika Kongo hujulikana zaidi kwa jina lenye asili ya Kifaransa, drepanositozi. Chembe nyekundu za damu hupinda kama mundu, huziba mishipa midogo na kuleta maumivu makali na upungufu wa damu. Mwaka 1949 James Neel wa Chuo Kikuu cha Michigan, na E. A. Beet aliyefanya kazi Rhodesia ya Kaskazini, walithibitisha kila mmoja kwa njia yake kwamba mgonjwa amerithi jeni hiyo kwa baba na kwa mama pia. Aliyeirithi kwa mzazi mmoja tu ni mbebaji, na kwa kawaida ni mzima.

Fumbo lilikuwa katika hesabu. Zamani zile, wengi wa watoto waliorithi kwa pande zote mbili walikufa kabla ya kuzaa. Kila aliyekufa aliondoka na jeni mbili. Kwa kanuni ya Hardy na Weinberg ya mwaka 1908, ikiwa jeni hiyo ni 10 kati ya kila jeni 100, basi watoto 18 kati ya 100 watakuwa wabebaji na 1 atakuwa mgonjwa. Vifo hivyo peke yake vingetosha kuipunguza jeni hiyo hadi nusu katika vizazi 10. Lakini haikuwa imepungua. Mwaka 1949 Lehmann na Raper walichapisha uchunguzi wao wa Uganda, na kwa Waamba, wakaao karibu na mpaka wa Kongo upande wa mto Semliki, wabebaji walifika karibu 45 kwa 100.

Anthony Allison, kijana aliyekulia Kenya na kusomea tiba Oxford, alichukua damu za watu wa makabila mbalimbali ya Kenya mwaka 1949. Aliona kwamba karibu na pwani na karibu na ziwa Viktoria wabebaji walizidi 20 kwa 100, na katika nyanda za juu zenye baridi hawakufika hata 1 kwa 100. Ramani hiyo ilifanana na ramani ya malaria. Haldane naye, akizungumzia ugonjwa mwingine wa damu wa nchi za Mediterania, alikwisha kudokeza kwamba huenda wabebaji wana kinga dhidi ya malaria. Beet, huko Balovale, alikwisha kuona tangu mwaka 1946 kwamba wabebaji hawakuonekana na vijidudu vya malaria mara nyingi kama wenzao.

Mwaka 1953 Allison alipima watoto 290 wa Kiganda katika eneo la Kampala, akachapisha matokeo mwaka 1954. Kati ya watoto 43 waliokuwa wabebaji, 12 walikutwa na vijidudu vya malaria. Kati ya watoto 247 wasio wabebaji, walikuwa 113. Hapo ndipo chombo cha London kinapoingia. Kama kubeba jeni kusingekuwa na maana yoyote, wabebaji wenye malaria wangetazamiwa kuwa 18 au 19, wala si 12. Je, upungufu wa watoto sita au saba ni kitu, au ni bahati tu?

Ukikokotoa kai-mraba ya jedwali hilo, unapata karibu 4.75. Kwa hesabu ya Pearson ya visanduku vitatu huru, namba hiyo ni ndogo, kwani kikomo kilichozoeleka ni 7.81. Mtafiti angefunga daftari lake na kusema kwamba hakuna kilichoonekana. Kwa hesabu ya Fisher ya kisanduku kimoja, kikomo ni 3.84, na 4.75 inakipita. Hivyo sahihisho la mwaka 1922, ambalo wengi walilidharau kama ugomvi wa maprofesa wawili, ndilo lililofanya dalili ile ya Kampala isikike.

Haki inadai lisemwe na jambo jingine. Allison hakutosheka na watoto hao. Alichukua pia watu wazima 30 wa Kijaluo waliokubali kutiwa malaria kwa makusudi, 15 wabebaji na 15 wasio wabebaji. Katika wasio wabebaji walioshikwa ni 14. Katika wabebaji ni 2. Hesabu yake haina mashaka. Lakini kamati za maadili za vyuo vikuu vya sasa zingeuliza mengi kabla ya kuruhusu jaribio la namna hiyo: watu wale waliambiwa nini, kwa lugha gani, na wangeweza kukataa mbele ya daktari Mzungu katika nchi iliyotawaliwa? Elimu ya dunia ina deni kwa watu hao 30 na kwa watoto 290, ambao katika makala za kitaalamu wamebaki kuwa namba.

5. Akina mama wa Kongo

Palikuwa na jibu lingine lililowezekana kwa fumbo lile. Huenda jeni haikulindwa na kitu chochote, bali ilizaliwa upya kila mara kwa mabadiliko ya ghafla ya urithi, ikaziba pengo la wale waliokufa. Jibu hilo lilijaribiwa katika Kongo ya Kibelgiji. Mwaka 1955 Joseph Vandepitte, daktari aliyefanya kazi huko, pamoja na Neel na wenzao wengine wawili, walichapisha uchunguzi wao katika jarida la Blood.

Hoja yao ilikuwa nyepesi na yenye nguvu. Kama jeni ya selimundu huzaliwa upya mara kwa mara, basi wagonjwa wengi watakuwa na mama asiye mbebaji, kwa sababu jeni iliyotoka upande wa mama itakuwa mpya. Kwa hiyo wapimwe akina mama wa wagonjwa. Walipopimwa, karibu wote walikuwa wabebaji. Mabadiliko ya ghafla hayakuweza kutosha kuitunza jeni kwa wingi uliokuwako. Jibu la malaria likabaki peke yake uwanjani.

Inafaa kuangalia jinsi kazi hiyo ilivyogawanywa. Damu ilikuwa ya akina mama wa Kongo. Wahesabuji walikuwa wa Ubelgiji na wa Marekani. Lovanium ilikuwa imefunguliwa mwaka 1954 tu, na chuo kikuu cha Elisabethville, ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Lubumbashi, kikaanza mafundisho mwaka 1956. Hapakuwa na Mkongo ambaye mkoloni alikwisha kumpa nafasi ya kufika kwenye shahada za juu za hesabu ya urithi. Aliyehesabiwa hakuwa na kalamu.

6. Wanafunzi waliorudi na kalamu

Hali hiyo haikuwa amri ya maumbile. Uhindi, nayo ikiwa chini ya Uingereza, ilishika njia nyingine. P. C. Mahalanobis alisoma fizikia Cambridge, akarudi Calcutta mwaka 1915 akiwa na majuzuu ya Biometrika katika mizigo yake. Mwaka 1931 alianzisha taasisi ya takwimu ya Uhindi. Mwaka 1946 taasisi hiyo ilimtuma kijana wake, C. R. Rao, Cambridge kupima mifupa ya watu wa kale iliyofukuliwa Jebel Moya katika Sudan. Rao alipata shahada yake ya uzamivu mwaka 1948 chini ya Fisher, akarejea nyumbani, akawa mmoja wa wanatakwimu wakubwa wa karne ile. Na mwaka 1957 Haldane mwenyewe aliondoka London kwenda kufanya kazi katika taasisi hiyohiyo. Mwalimu alimfuata mwanafunzi.

Kongo nayo, ijapokuwa kwa kuchelewa, imeanza kushika kalamu. Mwaka 2009 Léon Tshilolo na wenzake walichapisha matokeo ya kupima watoto wachanga 31,204 mjini Kinshasa. Wabebaji walikuwa 5,276, yaani 16.9 kwa 100, na waliorithi kwa pande zote mbili 428, yaani 1.4 kwa 100. Mwaka 2019 Tshilolo alitangulia katika orodha ya waandishi wa utafiti wa dawa ya haidroksiurea uliofanywa Kinshasa, Luanda, Kilifi na Mbale. Watoto 606 walianza kutumia dawa hiyo, na maumivu, malaria na vifo vikapungua miongoni mwao. Katika orodha ya miji hiyo, Kilifi ni ya pwani ileile aliyopita Allison, na Mbale ni ya Uganda ileile.

Namba za Kinshasa zina kazi nyingine ndani yake. Ukizifanyia hesabu ya Hardy na Weinberg, jeni ya selimundu inatokea kuwa karibu 10 kati ya kila jeni 100, na wagonjwa wangetazamiwa kuwa karibu 300. Walioonekana ni 428. Tofauti hiyo si ndogo. Je, inatokana na namna akina mama walivyochagua mahali pa kujifungulia, au na ndoa za watu wa ukoo au eneo moja, au na namna damu inavyosomwa na mashine? Swali la aina hiyo ndilo linalomfaa mwanafunzi wa uzamivu, na anayefaa zaidi kulijibu ni yule anayeijua hospitali, anayezijua ndoa na anayejua kuhesabu.

7. Hitimisho: hesabu na lugha

Historia hii inaonyesha kwamba chombo cha hesabu hakimtii aliyekiunda peke yake. Galton alitaka kupanga mataifa kwa ngazi. Hesabu iliyozaliwa katika nyumba yake ilikuja kuonyesha kwamba jeni iletayo ugonjwa mahali pamoja huokoa maisha mahali pengine, na kwamba hakuna damu iliyo bora kwa kila nchi. Lakini chombo hicho hakikubadilika kwa hiari yake. Kilibadilishwa na watu waliojifunza kukishika vizuri kuliko waliowatangulia, na waliothubutu kuwasahihisha.

Kwa idara za Kiswahili jambo hili lina upande wake. Wazazi wawili wabebaji huambiwa hospitalini kwamba mtoto mmoja kati ya wanne atakuwa mgonjwa. Wapo wanaoelewa kwamba, wakiisha kumpata mmoja mgonjwa, watatu wafuatao watakuwa salama. Sivyo. Kila mimba inaanza hesabu upya, kama sarafu isiyokumbuka ilivyoanguka jana. Kosa hilo si la wazazi. Ni la maneno yaliyochukuliwa kutoka kwenye jedwali na kupelekwa nyumbani bila kufafanuliwa. Kutafuta maneno ya Kiswahili ya uwezekano, ya sampuli, ya mbebaji na ya jeni, maneno ambayo mama wa Lubumbashi au wa Bukavu atayaelewa kama alivyokusudia mhesabuji, ni sehemu ya utafiti wenyewe. Asipoelewa anachohesabiwa, mama huyo atabaki mahali walipokuwa akina mama wa mwaka 1955: ndani ya jedwali, na nje ya mazungumzo.